Chaji Aliyotugawia Mama

Kule Ndabibi, niliambiwa, kulikuwa na mwanamke aliyezaa watoto kumi na wawili, na yule wa mwisho alikuja duniani bila nguvu hata za kumfukuza kuku. Kuku alikuwa anamlia chakula kwenye sahani, yeye anamtazama tu. Akianza kupiga mwayo asubuhi, anaumaliza adhuhuri. Na sababu, niliambiwa, haikuwa uvivu wala kurogwa. Sababu ilikuwa mitokondria. Mama wa watu alikuwa ameshazigawa kwa wale kumi na mmoja waliotangulia, na huyu maskini akakuta sufuria imekombwa.

Niliamini. Sikuamini kidogo kidogo kama mtu mwenye akili anavyofanya, akiacha mlango mmoja wazi kwa ajili ya shaka. Niliamini mzima mzima, kwa kiasi cha kuweza kubishana na daktari mkuu wa nchi kama angepita karakana kwangu. Siku hizi nikikumbuka nilivyoitumia imani hiyo, masikio hupata moto hata nikiwa peke yangu, na hukohoa kikohozi cha uongo ili nijisahaulishe.

Aliyenipa habari hiyo alikuwa mwanafunzi mwenzangu katika masomo ya jioni, askari wa geti wa godauni moja hapa Nakuru, mzaliwa wa Ndabibi. Alikuwa na sauti nzito ya kuzoea kuuliza watu wanakwenda wapi, kwa hivyo chochote alichosema kilionekana kama kimepigwa mhuri. Tulisomea katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wenye vitambi na watoto wa kusomesha, tukiwa tumekaa kwenye madawati ya watoto wadogo. Magoti yangu yalikuwa karibu na masikio. Nikitaka kuandika ilinibidi kwanza niyaombe magoti ruhusa.

Mwalimu wetu wa bayolojia, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, alikuwa na njia yake ya kufundisha. Mtu hakutoka darasani kabla ya kueleza somo la siku hiyo kwa kazi anayoifanya mchana. Kama hukuweza kulipeleka somo mpaka kazini kwako, alisema, basi hukulielewa, umelibeba tu. Njia nzuri sana. Nimeitetea mbele za watu wengi, na bado ninaitetea, ingawa kwangu ilizaa maafa.

Jioni tulipofika kwenye seli, alichora ubaoni duara kubwa, na ndani yake akachora vitu vingi nikadhani anachora soko. Akasema seli ya mtu, ya ng'ombe, ya mmea wa kahawa, zote ni hivi: nyumba yenye vyumba, na kila chumba kimetengwa kwa utando mwembamba kuliko chochote tulichowahi kushika. Bila tando hizo, kila kitu kingechanganyika na seli ingekuwa uji.

"Haya," akamgeukia askari. "Wewe leta geti lako."

Askari akasimama wima kama anapokea gwaride. Akasema kiini cha seli ni ofisi ya meneja, na utando wake una matundu, na kwenye kila tundu kuna mtu kama yeye. Karatasi za maagizo zinatoka, lakini meneja mwenyewe hatoki, na wewe mgeni huingii bila sababu. Dada mmoja aliyefanya kazi kwenye ofisi ya vifurushi alichukua kifaa cha Golgi kama kitu kilichokuwa kikimngoja tangu azaliwe: mizigo inaletwa kutoka vile vichochoro vya retikulamu, inafungwa vizuri, inaandikwa inakokwenda, halafu inasafirishwa ikiwa ndani ya kijifuko chake. Akaongeza kwamba tofauti ni moja tu, pale kwao mizigo mingine hupotea. Mpishi wa hoteli akapewa lisosomu, kifuko cha kumeng'enya mabaki na vitu vilivyochakaa. Akalalamika kwamba kila siku yeye ndiye hupewa uchafu.

Mimi nikapewa mitokondria, vile vyumba vinavyoipa seli nguvu, kwa kuwa ni fundi wa betri.

Sasa, hapo nilikuwa nyumbani. Nimefungua betri za magari nyingi kuliko milango niliyofungua. Nikawaeleza kwamba mitokondria ina tando mbili, na ule wa ndani umekunjwa kunjwa, kwa sababu ileile inayofanya betri kuwa na sahani nyingi zilizopangwa ubavu kwa ubavu: pahali pa kufanyia kazi pakiwa papana, nguvu inayotoka ni nyingi. Ukiukunjua ule utando, nikasema, unaweza kuezeka paa la kanisa. Mwalimu akasema tuache kanisa, lakini hiyo habari ya sahani ni sawa kabisa. "Umeelewa," akaniambia mbele ya wote.

Sijawahi kupewa neno lililoniharibu hivyo. Kifua kilifura, nusura vifungo vya shati vimtoboe aliyekuwa dawati la mbele.

Kabla ya kufuta ubao, mwalimu akatuambia jambo moja zaidi: kwamba mitokondria zetu zote zimetoka kwa mama. Za baba huja na mbegu, lakini yai huziharibu, hazibaki. Akasema hilo ni la mtihani mwingine, tulijue tu. Akachukua mkoba wake akaondoka. Mvua ilikuwa inanyesha, sisi tukabaki tumejibana kwenye veranda, na hapo ndipo askari aliponiletea yule mtoto wa Ndabibi na kuku wake.

Kichwa changu cha betri kilifanya yaliyobaki. Kila siku mtu huja karakana gari limemkatalia, na mimi huchukua betri nzima nikapiga jampa: nyaya mbili kutoka iliyo hai hadi iliyokufa. Gari linawaka, mwenye gari anafurahi. Lakini ukiitumia betri ileile kuwasha magari mengi mfululizo bila kuirudishia moto, lile la kwanza litawaka kwa kishindo, na la mwisho litakohoa tu. Nani asingeona kwamba ndivyo ilivyo? Mama alikuwa betri. Watoto walikuwa magari. Na mimi, katika watoto tisa wa mama yangu, ndiye wa tisa.

Nilipata faraja kubwa kusikia hivyo. Tangu utotoni niliitwa mvivu. Kaka zangu walibeba magunia ya mahindi begani, mimi nikibeba ujumbe. Dada yangu mkubwa, kifunguamimba, anaweza kukama ng'ombe, kugombeza mtu na kupika chapati kwa wakati mmoja, na hakuna kitakachoharibika. Sasa sayansi ilikuwa imekuja kunitetea. Nilichelewa kumaliza sekondari, nililala mapema, nilitweta nikipanda mlima, na yote hayo hayakuwa makosa yangu. Ilikuwa chaji.

Mama anaishi Subukia, kwenye kipande cha lililokuwa shamba la mzungu, na kahawa yake imepandwa kwenye mteremko ambao mbuzi hufikiria mara mbili. Kwa miaka yote niliyomjua, aliushuka na kuupanda akiwa na kikapu, akiimba nyimbo za kanisa, wala pumzi haikumkatikia katikati ya ubeti. Mwaka ule niliofanya mtihani, nyimbo zilianza kukatika. Kwanza alipumzika kwenye mti wa katikati. Baadaye alipumzika kutoka zizini hadi jikoni, mwendo ambao kuku huvuka bila kufikiria. Alisema ni magoti. Kwa magoti alikuwa akinunua vidonge vya maumivu dukani na kuvimeza asubuhi kabla ya chai. Na kila nilipomtembelea nilimkuta na yale mawe laini ya kutafuna, ambayo wajawazito hununua sokoni. Aliyaficha kwenye mfuko wa aproni kama mtoto anayeficha peremende.

"Mama, na hayo mawe ni ya nini kwa umri wako?"

"Yananiita tu. Hata sijui. Nikinusa mvua kwenye udongo, mate yanajaa."

Mimi, fundi niliyeelewa, nikajua papo hapo. Betri ikizeeka hudai maji na asidi, mwili wa mama ulikuwa unadai madini. Sikusema. Nilikuwa naiwekea habari hiyo siku yake.

Siku ilikuja matokeo yalipotoka nikawa nimepita. Sikupita kwa kishindo, lakini nilipita, na familia ikafanya sherehe ya shukrani pale Subukia. Hema lilikodishwa. Mchungaji akaja na mke wake. Mbuzi wawili waliaga dunia kwa ajili yangu. Nilivaa suti ya kaka yangu, ambayo ilinivaa zaidi ya nilivyoivaa mimi, na nikapewa kipaza sauti, kitu ambacho mtu yeyote anayenijua asingefanya.

Katikati ya chakula dada yangu mkubwa alikuwa amesema, kwa sauti ya kusikika meza mbili, kwamba Mama amekuwa mweupe viganjani na wiki ijayo atampeleka hospitali Nakuru. Mama alikuwa amekataa kwa mkono. Basi niliposhika kipaza sauti, nikaona hii ndiyo nafasi ya elimu yangu kuifaa jamii. Nikawaambia ndugu zangu wasimame kwa mstari, kuanzia mkubwa. Wakasimama, wakicheka. Nikaeleza mitokondria. Nikaeleza tando mbili. Nikawapitisha kwenye betri na jampa, mmoja baada ya mwingine: huyu hapa, dada yetu, aliwashwa na betri mpya, ndiyo maana hazimiki. Huyu alipata robo tatu. Hawa mapacha waligawana. Na mimi hapa mwisho, nikasema, nikajishika moyo, mimi nilipata ule mwanga wa taa ya dashibodi. Hema lilicheka mpaka mchungaji akaweka sahani chini.

"Kwa hivyo," nikamalizia, "Mama haumwi. Mama ametugawia. Chaji imekwisha kwa kazi njema. Kinachotakiwa ni apumzike, si kuchomwachomwa sindano na watoto wa juzi."

Walipiga makofi. Mama pia alipiga. Dada yangu peke yake hakupiga. Alinisogelea nilipokuwa naketi, akaniambia polepole, "Profesa, una hakika?"

"Ni bayolojia," nikasema. "Hata mwalimu alisema nimeelewa."

"Sawa. Mimi niliishia darasa la nane, sitabishana na cheti."

Jioni, wageni wakiwa wameanza kutawanyika, Mama aliniita nyuma ya jiko. Nilidhani ananitaka nibebe viti. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono juu ya magoti. Alinitazama muda, kama mtu anayetafuta alama iliyofutika.

"Ile kitu ulisema," akaniambia. "Ya kwamba ulikuta kidogo."

"Ilikuwa mzaha, Mama. Sayansi, lakini na mzaha ndani."

"Hapana. Ni kweli. Wewe ulichelewa kutembea. Ulikuwa unaketi tu hapo kwa mkeka, unaangalia wenzako. Nilikuwa najiuliza." Akashika mkono wa lile koti la kaka yangu, akalikunja pindo lililokuwa refu. "Unisamehe, baba. Ningejua ningebakisha."

Mama huniita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Aliniomba msamaha akitumia jina hilo. Na mimi, nikiwa na cheti mfukoni, badala ya kupiga magoti, nilimwambia: "Usijali, Mama. Nimezoea."

Nimezoea. Hilo ndilo neno linalonifanya nikohoe.

Basi akaanza kunilipa. Kila aliyetoka Subukia kuja Nakuru alikuja na kitu changu: mayai yaliyofungwa kwenye gazeti, maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, ndizi, unga wa uji wa wimbi umeshasagwa tayari. Nilikula. Nilinenepa, mashavu yakawa kama ya mpiga tarumbeta. Nilipokwenda nyumbani msimu wa kahawa, nilipewa kiti, na Mama akashuka mteremkoni na kikapu changu. Kaka zangu walipomwuliza kwa nini, alisema mwacheni huyu, si kupenda kwake. Nilikaa kivulini nikimwona akishuka, akisimama, akishika shina la kahawa kama mtu anayeshika mkono wa rafiki, akiendelea. Nikajisemea kwamba ndivyo betri zinavyokwisha, taratibu, bila kelele. Nilihuzunika vizuri kabisa, huku nikitafuna ndizi.

Habari ya hospitali ilikuwa imekufa. Dada yangu alipoitaja, Mama alimjibu kwa maneno yangu yaleyale, tando mbili na sahani na yote, bila kukosea hata moja. Alikuwa ameyahifadhi kama mistari ya kanisani. Nilijivunia. Nilisema, mnaona, akili ya familia hii inatoka wapi.

Kisha asubuhi moja dada yangu alimkuta amekaa chini zizini, amejiegemeza kwenye mguu wa ng'ombe, na ng'ombe amesimama tuli kama anayejua. Maziwa yalikuwa yamemwagika. Mama alisema anapumzika kidogo. Viganja vyake, dada aliniambia kwenye simu, vilikuwa kama karatasi.

"Nakuja naye Nakuru sasa hivi," akasema. "Wewe funga hiyo karakana utukute kliniki. Na usilete sayansi."

Niliwakuta kwenye benchi la kliniki moja karibu na mjini. Mama alikuwa amefungwa leso mbili na ameegemea bega la dada yangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona ni mdogo. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nacho tayari, kuhusu ng'ombe. Dada yangu aliniangalia, nikakimeza.

Daktari alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mpwa wangu, mmoja wa wale niliowaita watoto wa juzi. Alimvuta Mama kope ya chini, akatazama. Akamgeuza viganja. Akamuuliza kuhusu choo, kama ni cheusi, na Mama akasema ndiyo, tangu zamani, lakini hilo si la kuambia watu. Akamuuliza anatumia dawa gani, Mama akatoa vile vidonge vya magoti, pakiti nyingi zisizo na kitu, na pamoja nazo yakaanguka yale mawe. Daktari aliokota jiwe moja, akaligeuza, akaliweka mezani kwa heshima. Alitoa damu kidogo, akaenda nayo, akarudi na karatasi, na uso wake haukuwa wa kuzungumza mambo mengi.

"Shosho," akasema, kama anayemwita bibi yake, "umekuwa ukichoka hivi kwa muda gani?"

"Tangu kabla ya sherehe ya huyu."

"Na hukuja kwa nini?"

Mama alijiweka sawa kwenye kiti. Alijua jibu, na alilipenda. "Si ugonjwa, daktari. Ni mitokondria. Nilizaa tisa, na kila mtoto alichukua zake, huyu wa mwisho hata akapungukiwa. Sasa zimekwisha. Nilikuja tu kwa sababu huyu binti yangu ni mkali."

Kulikuwa na mizani ya kupimia uzito pembeni, na mimi, mtu wa kilo zangu zote, nilijaribu kusimama nyuma yake.

"Nani alikwambia hivyo?" daktari akauliza.

Mama akanyoosha kidole, na usoni kwake hakukuwa na lawama hata chembe. Kulikuwa na fahari. "Ni huyu. Amesoma."

Dada yangu alitazama dirishani. Daktari alinigeukia. Nilingoja acheke, ningeshukuru kama angecheka, ningecheka naye na ingekuwa imekwisha. Hakucheka. Aliongea nami kama anavyoongea na jamaa wa mgonjwa, taratibu, ili nisikie mara moja.

"Mitokondria hazigawanywi kama maji ya mtungi," akasema. "Zinajigawa zenyewe, moja inakuwa mbili, kila siku, ndani yake na ndani yako. Mayai aliyokuwa nayo mama yako alizaliwa nayo. Yai lako lilikuwa limeshawekwa siku yeye mwenyewe anazaliwa, pamoja na la dada yako, na hukupungukiwa na kitu. Hakuna kilichokwisha kwa kuwazaa. Kilichopungua ni damu. Vidonge vya magoti vimemtia vidonda tumboni, damu inavuja kidogo kidogo, na aliyepungukiwa damu hutamani udongo, ndiyo maana anatafuta mawe. Tutamlaza leo, tumwongeze damu, na atapona. Lakini mngemleta alipoanza kuchoka, angekuja kwa miguu yake."